Sikuuomba Mpira Taimauti

Naandika nikiwa nimekalia upande mmoja, barafu imebanwa kwenye kinena. Mkiona sentensi imekatika ghafla, mjue nimejisahau nikageuka.

Klipu ya mechi yetu ya handiboli mmeshaiona. Najua, maana simu haijatulia tangu jana. Mshikaji wangu aliyekuwa jukwaani, ambaye mpaka jana jioni nilikuwa namhesabu kuwa ndugu, ameirusha kwenye kila grupu alilomo na kuipa kichwa: "Kocha auomba mpira taimauti." Halafu akaipunguza mwendo. Halafu akaiwekea muziki wa huzuni.

Basi na mimi nijitetee. Sikuuomba mpira kitu chochote. Kadi ya kijani, ile ambayo kocha huiweka kwenye meza ya mtunza muda kuomba taimauti, yaani mechi isimame kidogo, ilikuwa mkononi kwa sababu iligoma kubanduka, na ukitaka kujua kwa nini iligoma inabidi tuanzie kwenye gundi.

Nimedaka handiboli miaka 14. Ukocha nina miezi minane. Kwa hiyo kila kabla ya mechi, kumpasha moto kipa wetu ni kazi ambayo simwachii mtu. Namrushia mipira 40 kwa mpangilio uleule niliopashwa nao mimi: kumi ya juu mikononi, kumi ya kiunoni, kumi ya chini kwenye vifundo, halafu mitano kutoka kila pembe ya winga. Mpira wa wanaume, saizi 3, una mzingo wa sentimita 58 hadi 60, na kiganja changu cha siku hizi hakikubali kuushika bila gundi. Nikapaka. Nikapaka na ya akiba nyuma ya kidole gumba, kama zamani. Tulipomaliza nikanawa kwa maji na sabuni, nikajipangusa kwenye suruali, nikajiona msafi kabisa. Gundi ya handiboli haitoki kwa maji. Hutoka kwa mafuta. Hili nalijua tangu nikiwa kijana, na bado nilienda kwenye bomba.

Sasa rukeni mpaka dakika ya 56. Tuko nyuma 23 kwa 24, mpira tunao sisi. Taimauti mbili kati ya tatu nimeshazitumia, imebaki moja. Nikaamua kumtoa kipa na kuingiza pivoti wa pili, yule mshambuliaji anayejibana katikati ya mabeki mbele ya goli, tushambulie saba kwa sita.

Wasiofuatilia wanaona huu ni uwendawazimu, lakini una hesabu yake. Zamani mchezaji wa saba ilibidi avae fulana ya rangi ya kipa. Tangu 2016 si lazima, ndiyo maana kila timu inaujaribu. Walinzi ni sita, washambuliaji saba, lazima mmoja abaki huru. Balaa ni nyuma. Goli lako la mita 3 kwa 2 linabaki wazi kama mdomo wa mwenye usingizi, na kwa kuwa hakuna aliyevaa rangi ya kipa, hakuna mwenye ruhusa ya kuingia ndani ya mstari wa mita 6 kuokoa. Mpira ukipotea, mchezaji mmoja atoke kwanza, atokee kwenye ile sehemu ya mita 4.5 ya kubadilishana mbele ya benchi lenu, ndipo kipa aingie. Kipa akitangulia hata kwa unyayo, ni dakika mbili nje.

Mwenye akili humpangia kutoka yule anayecheza upande wa benchi. Mimi nilimpangia winga wa upande wa pili, kwa hoja kwamba ndiye mwenye mbio kuliko wote. Mbio anazo kweli. Ila uwanja una upana wa mita 20, na zote alikuwa nazo mbele yake.

(Wewe kocha mwenzangu unayecheka hapo, nenda kaangalie karatasi yako. Huenda na wewe umepanga hivyohivyo.)

Tukazungusha mpira, ukuta wao haufunguki, marefa wakanyanyua mikono: mchezo wa kupoteza muda. Mikono ikishapanda una pasi nne tu, basi urushe. Zilikuwa sita, zikapunguzwa kuwa nne mwaka 2022. Ninaijua hiyo sheria. Niliifundisha mwenyewe wiki hii, kwa kuchora ubaoni. Lakini miaka yangu ya mwisho golini nilihesabu sita, na presha ikipanda kichwa changu hurudi kule. Pasi ya kwanza, ya pili. Nikajiambia, zimebaki nne, nafasi ipo, ngoja nikaweke kadi taratibu, nisionekane nina kiherehere.

Taratibu! Nikatoa kadi mfukoni. Nikafika mezani pasi ya tatu ikiwa hewani, mpira bado wetu, nikaiweka kadi mezani kwa heshima zote. Nilipoinua mkono, kadi ikainuka nao.

Nikaiweka tena. Ikarudi nao tena. Mtunza muda ananitazama kama mtu anayefanyiwa mazingaombwe asiyoyaomba. Nikajaribu kuibandua kwa mkono wa kushoto, ikahamia mkono wa kushoto. Nikairudisha kulia, maana mkono wa kushoto una karatasi ya mbinu. Huku nyuma mchezesha wetu, ambaye anahesabu sheria za sasa na si za enzi zangu, akajua hii ndiyo pasi ya nne, akailazimisha katikati ya mabeki wawili kwenda kwa pivoti. Ikakatwa.

Mtunza muda akaweka kiganja chake juu ya meza, kwa upole kabisa: "Kocha, mpira si wenu tena." Taimauti huombwa ukiwa na mpira. Nikageuka.

Hapa naomba nisimamishe klipu.

Nikolaj Jacobsen alikuwa winga. Akawa kocha, akaipa Denmark ubingwa wa dunia 2019, 2021, 2023 na 2025. Talant Dujshebaev alivaa dhahabu ya Olimpiki mwaka 1992 akiwa mchezaji, akaja kuifundisha Kielce, klabu ya Poland, ikabeba Ligi ya Mabingwa mwaka 2016. Hao wote walikuwa wachezaji wakubwa, na sijawahi kumwona hata mmoja wao akiruka kutoka benchi kwenda kumalizia kaunta, yaani shambulizi la haraka. Walipostaafu, walistaafu mwili mzima. Mimi kichwa changu ndicho kilichopata barua ya uhamisho. Miguu haikupewa nakala.

Haya, endelea.

Beki wao yuko upande wa meza, mita kama 28 kutoka goli letu. Ameinua kichwa, ameliona goli liko wazi. Winga wangu ndiyo kwanza ameanza kuukatisha uwanja, yuko katikati, anapepea kama bendera. Kipa wangu yuko kwenye mstari wa kubadilishana anarukaruka kama mtu aliyebanwa, mtiifu, haingii kabla ya mwenzake kutoka, kwa sababu nimemfundisha mimi.

Kipa hasomi mpira, husoma bega. Bega la yule beki likashuka. Nikajua: wa chini, utadunda. Sikufikiri, jamani. Nilijua tu, kama unavyojua ngazi ya mwisho ya nyumbani kwako gizani.

Mguu wa kushoto ukavuka mstari wa pembeni. Wa kulia ukafuata. Mpira ukadunda karibu na mstari wa kati, mita nne hivi ndani ya uwanja, ukanyanyuka usawa wa goti. Mpira kama huo una dawa moja: mguu unatangulia kwa kuteleza, mkono wa upande uleule unafuata juu yake, pasibaki upenyo wa kupitisha mpira. Nimeifanya mara elfu. Nikaupeleka mguu wa kulia.

Mlichokisahau, na nilichokisahau mimi, ni viatu. Kipa huvaa soli ya mpira inayong'ata sakafu, ule mguu wa nyuma ndio breki. Mimi nilikuwa na viatu vya ngozi vya mkutano, soli nyororo. Wa kulia ukaenda ulikotumwa. Wa kushoto ukaenda ulikopenda. Nikapasuka kama mkasi mpaka sakafuni, na mahali fulani ndani ya paja kitu kikasema "twi."

Na mpira ukaja. Paa! Katikati ya kiganja. Kwa usahihi zaidi, katikati ya kadi. Hiyo ndiyo picha mnayoisambaza: mimi nimekaa msamba, mkono umenyooka, kadi ya kijani usoni pa mpira.

Ngojeni niwaambie ukweli ambao klipu haiuonyeshi. Kwa sekunde moja nzima sikuwa na aibu wala maumivu. Nilikuwa na furaha. Kipa akizuia mipira mitatu kati ya kumi watu humpongeza, kwa hiyo kila mmoja una utamu wake, na huu nilikuwa nimeufuata kutoka mezani.

Kama ningeishia hapo, pengine mngenisamehe. Lakini mkono ukidaka, kinachofuata ni kaunta. Mpira ulikuwa mapajani, nikauokota, nikiwa bado nimekaa msamba nikarusha pasi ndefu mbele. Ndipo kadi ikapata mahali pa kushika kuliko mkono wangu: mpira nao ulikuwa na gundi yake ya mechi nzima. Ukaruka na kadi.

Na winga wangu! Mtoto wa watu nimemfundisha: kipa akidaka, usitazame nyuma, kimbia mbele. Akasahau kwamba anatakiwa kutoka, akageuka, akadaka mpira wenye kadi, hatua tatu, akaruka, kona ya mbali. Goli safi sana. Akakimbia kushangilia na vidole viwili juu. Alikuwa peke yake katika ukumbi wote. Hapo filimbi zilikuwa zimeshalia muda mrefu, zote mbili, na kipa wangu bado yuko kwenye mstari anauliza, "Kocha, niingie? Kocha?"

Refa wa kwanza akanifikia. Akanitazama pale chini. Hakusema neno. Na mimi, miaka 14 ikanitoka mdomoni yenyewe, nikanyanyua mikono miwili juu nikasema:

"Sijamgusa mtu!"

Nayo ilikuwa kweli.

Mengine ni ya haraka. Ofisa wa timu akiharibu nafasi ya wazi ya kufunga, ni mita saba, yaani penalti ya handiboli, kadi nyekundu, na juu yake ya buluu, yaani ripoti ya maandishi inakwenda juu. Timu inacheza pungufu mtu mmoja kwa dakika mbili. Nilikuwa najua yote hayo kabla hawajaanza kutafuta mifukoni. Tatizo lilikuwa kuondoka. Ukifukuzwa unatakiwa utoke, na mimi siwezi kufunga miguu. Ikabidi refa atoe ile ishara ya kuruhusu watu wawili waingie kumhudumia majeruhi. Mchezaji akitibiwa uwanjani hurudi baada ya mashambulizi matatu ya timu yake. Nilimuuliza msaidizi wangu kama na mimi nitarudi baada ya matatu. Hakucheka.

Mita saba ikafungwa, 23 kwa 25. Kipa aliruhusiwa kuingia hatimaye, akaingia, akapigwa wa juu kulia.

Kadi ilibanduliwa kwenye mpira na mtunza muda. Kwa hesabu yake taimauti yetu ya tatu ilikuwa haijatumika, akampa msaidizi wangu kadi yake. Dakika ya 58 msaidizi akasogea, akaiweka mezani, ikakaa. Sekunde tatu. Mikono yake haina hata harufu ya gundi. Filimbi ya taimauti niliisikilizia chumba cha kubadilishia nguo, miguu juu ya benchi, nikiombea mafuta ya kunawia.

Tulifungwa 24 kwa 27. Walipoingia chumbani hakuna aliyenitazama usoni, wakawa wanavua viatu kimyakimya kama tuko kwenye maktaba. Mwisho winga akasogea, akachuchumaa karibu na barafu yangu, akauliza kwa sauti ndogo:

"Kocha, lile langu wameliandika?"