Nambari Kubwa Zinazotupwa
Inakera mno kwamba ofisini kwetu hapa Nairobi kompyuta bado zinaendesha toleo la R (programu ya takwimu) lililotangulia 4.0.0, ambamo amri ya rpois au rbinom, ikizalisha nambari nasibu iliyozidi 2,147,483,647, yaani kikomo cha nambari kamili ya biti 32, hurudisha NA (alama ya thamani inayokosekana) pamoja na onyo fupi. Onyo lenyewe hupuuzwa. Mchambuzi huongeza na.rm = TRUE, yaani agizo la kuziondoa NA kwenye hesabu, na wastani wa miamala ya pesa za simu katika uigaji hutoka bila tatizo, ilhali zilizotupwa ni zile kubwa pekee (hilo ndilo baya zaidi), hivyo makadirio yote hushuka. Tangu mwaka 2020 programu hiyo hurudisha nambari za aina ya desimali badala ya NA. Kuisasisha ni bure, lakini tunaambiwa tusubiri idhini!