Flashi ina nafasi, folda imejaa

Flashi ya GB 32, zaidi ya nusu iko tupu, halafu inagoma kupokea picha za ukoo! Imeandaliwa kwa FAT32, mfumo wa kupanga faili, na folda moja ya mfumo huo ina nafasi 65,534 tu za majina. Zingekuwa faili 65,534 nisingelalamika. Lakini jina refu hula nafasi moja kwa kila herufi 13, kisha nyingine ya jina fupi ambalo mfumo hulitunga wenyewe. Majina yangu yana mtu, mahali na tarehe, herufi 40 hivi, kwa hiyo kila picha inameza nafasi tano. Folda inajaa kwenye picha 13,000! Na ujumbe wa kosa haukutaja majina kabisa. Nimefuta picha za bibi bure, nikidhani flashi imejaa.