Ufunguo wa grili uliokuwa shingoni mwa mama

Ramadhani iliyopita tulirudi kutoka tarawehe tukaukuta mlango wa uani uko wazi. Kitasa kilikuwa kizima. Ulimi wake ulikuwa bado umetoka, umefungwa mizunguko miwili kama nilivyouacha. Kilichovunjika ni mwimo: ubao ulichanika kiasi cha shibiri mbili, na sakafuni kilikuwepo kile kipande cha bati kinachopokea ulimi, pamoja na skurubu zake mbili. Nilizipima kwa kidole. Hazikuzidi pingili moja.

Tangu usiku ule, mtaani kwetu Fuoni, hapa Unguja, mazungumzo ni ya milango. Wapo wanaotaka kila nyumba itiwe grili mbele na nyuma, madirisha yote, na kufuli juu ya kitasa. Wapo wazee wanaoona kwamba tunajifungia wenyewe. Wao walikulia kwenye nyumba ambazo mlango ulikuwa wazi toka alfajiri hadi magharibi, pazia likipepea, na mgeni akipiga hodi hujibiwa kutoka jikoni. Nimewasikiliza wote, na kila upande umeshika jambo ambalo mwengine hataki kuligusa.

Nianze na mwizi. Wa kwetu hakai kuchezea kitasa kwa waya. Anapiga teke, au anatia mtaimbo baina ya ubao na mwimo kisha anakandamiza. Nguvu yote inakwenda kwenye mwimo na zile skurubu fupi. Ukinunua kitasa cha bei kubwa ukakifunga kwenye mwimo wa mbao laini, umenunua chuma cha kubakia kizima mlango ukishavunjika, kama changu. Tiba yake si ghali: kipande kirefu na kinene cha chuma pahala pa lile bati, na skurubu za milimita 75 hivi, zipenye mwimo mpaka ndani ya tofali, tundu likiwa limetobolewa kwa drili na kutiwa plagi. Bawaba nazo zifanyiwe hivyo hivyo. Kwetu kazi hiyo ilimchukua fundi asubuhi moja.

Na hata hapo mlango haujawa ukuta. Ulaya wana kipimo cha milango kiitwacho EN 1627, na kinahesabu kwa dakika. Mlango wa daraja la RC 2 unatakiwa uhimili dakika 3 za mtu mwenye zana ndogo ndogo kama bisibisi. Wa RC 3, ambako mtu huyo ana mtaimbo, dakika 5. Ni hivyo tu. Mlango mzuri unakununulia dakika, na dakika hizo hazina maana kama hapana mtu wa kusikia kishindo. Hapa ndipo wazee wana haki. Usiku ule jirani zetu wote walikuwa msikitini, na ukuta wa uani tumeupandisha juu hata taa ya nyumba ya pili haionekani.

Wazee lakini wanasahau kitu. Nyumba za Mji Mkongwe wanazozisifu hazikuwa wazi usiku. Ile milango ya nakshi, ambayo watalii huambiwa kwamba vichomozi vyake vya shaba asili yake ni kuzuia ndovu kule Bara Hindi, kinga yake hasa iko ndani: mti mnene unaolazwa nyuma ya mbao zote mbili na kuingia kwenye matundu ya ukuta wa mawe. Ukisukuma mlango, unasukuma ukuta. Na aliye ndani anaunyanyua kwa mikono, bila ya ufunguo.

Hapo sasa nifike kwenye grili. Siipingi. Wakati wa kaskazi, umeme ukikatika na feni zikisimama, grili ndiyo inayokuruhusu kuacha mlango wa mbao wazi ukapata upepo. Mwanamke aliyebaki na watoto, mume yuko baharini au Muscat, anapata usingizi kwa ajili yake, na sina haki ya kumwambia khofu yake ni ya bure. Ninachokipinga ni kufuli inayofungwa kwa ndani.

Mama yangu alikuwa akiufunga ufunguo wa kufuli hiyo kwenye kamba na kuuvaa shingoni. Usiku mmoja wa giza nilimwomba atoke nje kama vile jikoni kumeshika moto. Kwanza kamba ilinasa kwenye mtandio. Kisha ufunguo ukaingia upande usio wake. Kutu ya hewa ya chumvi ilikuwa imeishika kufuli, na mimi nimesimama nje namsikia anavuta pumzi. Mpaka ilipofunguka zilipita dakika mbili na zaidi, na hapo hapakuwa na moshi, wala mtungi wa gesi, wala watoto wanaolia. Katika majumba ya Michenzani, ambako aliye ghorofa ya juu njia yake ni ngazi tu, jambo hili linanitisha zaidi.

Vifaa vipya vinavyouzwa sasa sitovitilia maneno mengi. Mkongojo wa chuma unaoegemezwa chini ya mshikio ni mzuri ukiwa umo ndani, lakini kwenye marumaru huteleza kama mpira wake umechakaa. Ving'ora na kamera vinavyotegemea umeme tu siviamini. Aliyekuwepo Unguja kuanzia Disemba 2009 hadi Machi 2010, tulipokaa miezi mitatu gizani, ananielewa.

Tulichofanya sisi ni kuiondoa ile kufuli. Fundi amechomelea komeo nene kwa ndani ya grili, linalovutwa kwa mkono, na kulizungushia sanduku la chuma ili mkono wa nje usilifikie. Mama analifungua gizani kabla sijamaliza kuhesabu kumi. Tukitoka wote, komeo hilo halifai kitu, na hapo kufuli ya nje inabaki palepale, pamoja na jirani ambaye sasa tunamuaga kabla ya kuondoka. Dirisha la chumba cha watoto bado. Nondo zake zimejengewa ukutani, hazina bawaba hata moja. Fundi ameshachukua vipimo.