Huku Benz ni teksi jamani, tulieni

Juzi nimetoka shifti ya usiku saa kumi na moja alfajiri, madereva wa treni wamegoma, nikaita teksi. Ikaja Benz E-Class rangi ya maziwa, dereva mzee mmoja anatafuna mkate. Nikapiga picha ile nyota ya kwenye usukani nikaitupia kwenye grupu la ukoo, utani tu. Sijafika nyumbani baba mdogo ameshaandika "mwanetu katoboa" na binamu mmoja ameomba mtaji wa kuku. Mimi huku nalipa euro 30 roho inaniuma.

Niko Stuttgart, Ujerumani, ndiko kwao Benz, kwa hiyo hapa ni kama sato Mwanza. Teksi Benz, gari la taka Benz, kigari cha kuleta vifurushi Benz, na hakuna anayegeuza shingo. Wala si mambo ya leo, ile 260 D ya dizeli ya mwaka 1936 watu wa teksi waliipenda kuliko mabosi. Sisi nyota hiyohiyo tukaitungia kabila zima, Wabenzi, yaani wakubwa wenye Benz, na Kiswahili kikakubali bila kusita.

Najua kuna mtu anasema "wewe mpanda treni utatuambia nini kuhusu magari". Kazi yangu ni kuosha na kuhamisha magari ya kukodisha, zote nimezikalia. Benz inakubeba, unashuka umepumzika. BMW inataka uiendeshe wewe, hasa hizi zinazosukumwa na tairi za nyuma, ukikata kona unaisikia kiunoni. Audi yenye quattro, yaani tairi zote nne zinasukuma, ambayo wako nayo tangu 1980, mvua na theluji haziihusu, inakwenda kama iko relini, ndani kila kitufe kimekaa pake, ila ukishuka huna hadithi ya kumpa mtu. Na wateja wanajigawa hivyohivyo, mzee mwenye duka la dawa anachukua Benz, kijana wa mauzo BMW, injinia asiyetaka kelele Audi.

Siku moja kwenye A81, barabara kuu ya kuelekea Singen, kile kipande kisicho na kibao cha spidi, BMW nikaifikisha 200 labda dakika mbili hivi, mikono imelowa jasho, ndo nikaelewa zile breki kubwa ni za nini. Sasa ipeleke hiyohiyo Kibaha. Hamsini, tuta, hamsini, trafiki na tochi chini ya mwembe. Raha ya kuendesha utaipatia wapi, si umenunua nembo tu?

Na hapo kwenye nembo ndo nachoka. Mjerumani akiagiza gari anaweza kuomba kiwandani wasimbandikie namba ya modeli pale nyuma, usijue ni injini ndogo au kubwa. Rafiki yangu Tabata ana Benz C180, kabandika nembo ya AMG, ya zile Benz za mbio, kaitoa Kariakoo, tena imekaa upande.

"Ooh, ushakuwa mzungu." Sijawa, na hao wazungu wasikudanganye, maofisini gari la kampuni linaenda kwa cheo, na hiyo namba wakiitoa wenzao wanasoma rimu na bomba za ekzosi. Majivuno yale yale, wao wananong'ona sisi tunapiga honi. Tena sisi tuna sababu. Kwenye harusi ya dada yangu wa damu nilifika na IST, kile kigari cha Toyota, suti imenyooka, mlinzi akaniambia "bodaboda na IST kule nyuma kwenye mchanga, kaka". Nyuma yangu ikaja Benz ya mwaka 2008 taa moja haiwaki, jamaa akakimbia mwenyewe kuondoa koni. Nilikanyaga ule mchanga na viatu vipya mpaka mlangoni. Kwa hiyo anayejinyima miaka mitano anunue ile nyota simcheki, ila asiniambie kanunua uendeshaji.

Desemba nakuja likizo. Baba mdogo kashauliza nashusha chuma gani bandarini. Nimemjibu nitakodi IST. Tiki mbili za bluu, wiki ya pili hii hajajibu.