Keratokonasi: Kutibu Mapema au Kusubiri?

Keratokonasi ni ugonjwa unaoifanya konea, yaani utando angavu wa mbele ya jicho, izidi kuwa nyembamba na kuchomoza mfano wa pia, hata miwani ishindwe kusaidia. Aghalabu huanza wakati wa balehe na hupungua kasi mgonjwa anapokaribia miaka 40. Hapo ndipo penye mvutano: je, kila anayegunduliwa aimarishwe konea mara moja, au asubiri hadi vipimo vithibitishe kwamba hali inazidi?

Tiba inayobishaniwa ilielezwa na watafiti wa Dresden, Ujerumani, mwaka 2003. Konea hudondoshewa riboflavini, ambayo ni vitamini B2, kisha humulikwa kwa miale ya urujuanimno ili nyuzi za kolajeni, yaani protini inayoipa konea uimara, zishikamane zaidi. Wanaotaka subira wana hoja nzito. Katika utaratibu wa awali, ngozi nyembamba ya juu ya konea hukwanguliwa kwanza, jambo linaloleta maumivu ya siku kadhaa na, kwa wachache, maambukizi au kovu. Isitoshe, lengo ni kuuzuia ugonjwa usisonge mbele, si kurudisha uwezo wa kuona uliopotea, kwa hiyo ambaye ugonjwa wake umekwisha kutulia angejitwisha hatari bure.

Kwa mtu wa miaka 45 naikubali hoja hiyo. Kwa mtoto, siikubali. Katika jaribio lililofanyika Uingereza kwa vijana 60 wa miaka 10 hadi 16, ambalo matokeo yake yalitolewa mwaka 2021, baada ya miezi 18 ugonjwa ulikuwa umesonga kwa asilimia 7 ya waliotibiwa na asilimia 43 ya waliopata huduma ya kawaida. Ni kweli kwamba zaidi ya nusu ya hao wa pili walitulia bila tiba, lakini nani angewatambua mapema?

Lenzi ngumu, hasa zile pana zinazoegemea weupe wa jicho, huwawezesha wengi kuona vizuri, ila haziuzuii ugonjwa, na anayeona vizuri ni mwepesi wa kuacha kwenda kupimwa. Upandikizaji wa konea hubaki kwa wenye makovu au wasioweza kuvumilia lenzi. Mzazi atakayechagua kusubiri basi amrudishe mtoto kliniki kila baada ya miezi michache, wala asingoje mwaka upite.