Kanzu Yangu Ndani ya Piramidi ya Khufu

Kwa kuwa rafiki yangu ameshawatangazia kwamba nilipiga mayowe baada ya kuona maiti ya Firauni, naomba nami nisikilizwe. Ndani ya Piramidi ya Khufu, kule mji wa Giza, Misri, hakuna maiti yoyote. Kuna jeneza tupu la graniti, lisilo na kifuniko, na wakati wa mayowe hayo nilikuwa hata sijalifikia.

Ilikuwa Ijumaa, nami nilitoka msikitini moja kwa moja na kanzu yangu. Wageni huingilia kwenye tundu linalosemekana kuchimbwa kwa amri ya Khalifa al-Ma'mun katika karne ya 9, kisha hukutana na njia inayopanda kwa karibu mita 39, yenye kimo cha mita 1.2 tu. Mtu mzima huipanda ameinama, akikanyaga mbao zilizopigiliwa vyuma ili asiteleze. (Jeneza lenyewe ni kubwa mno kupitishwa humo, kwa hiyo liliwekwa chumbani piramidi ikiwa bado inajengwa. Lilikuwa na akili kunishinda.)

Katikati ya mwinuko, mguu wangu wa kulia ulikanyaga upindo wa mbele wa kanzu. Wa kushoto ukafuata, ukakanyaga juu zaidi, kwa ndani. Kila hatua ikanivuta shingo, mpaka kidevu kikagusa magoti, nikawa natambaa ndani ya nguo yangu kama kobe. Kurudi nyuma sikuweza, maana kichwa cha mama mmoja mtalii kilikuwa shubiri moja tu kutoka makalio yangu. Mbele walikuwa wanakuja wanaoshuka. Na kusimama, ndugu zangu, nimeshawatajia kimo. Kofia ikanivuka, ikabiringika kati ya miguu ya foleni nzima, na kila iliyempitia akaitangaza kwa lugha yake. Kisha kifungo cha shingoni kikaruka. Yale mnayoambiwa ni mayowe ulikuwa mshono wa kwapani ukiachia polepole, mawe yakiukuza mlio wake, pamoja na shahada niliyoitamka kwa sauti ya kawaida kabisa.

Nilivutwa, nikaifunga kanzu kiunoni, nikaliona jeneza, nikashuka kinyumenyume nikimpisha kila mtu. Bukta niliyovaa ilikuwa ya heshima. Rangi yake msiniulize.