Uchaguzi Mdogo Bandani

Yule kijana wa sokoni aliniapia kwa jina la mama yake. "Bosi, hawa kumi na wawili wote mitetea. Mitupu." Akambinua mmoja, akampuliza manyoya ya tumboni, akatikisa kichwa kama daktari aliyeridhika. Na mimi nikatikisa changu, ingawa nilichokiona pale ni kifaranga cha mwezi mmoja kinachoning'inia miguu juu. Nikalipa.

Shida yangu ilikuwa mayai tu. Mtetea hataki jogoo ili atage. Jogoo anatakiwa ukitaka vifaranga. Kwa hiyo hesabu yangu ya pale Kinyerezi ilikuwa safi: kuku 12, mayai, chapati, ada ya shule. Baada ya miezi mitatu, watano kati yao wakaanza kuota vilemba vyekundu na mikia ya kupinda. Siku moja pora mmoja akapanda juu ya ndoo, akavuta shingo, akatoa mlio wa bawaba iliyokosa mafuta. Mke wangu alikuwa anafua. Akaniangalia.

"Baba Asha, mtetea wako anakuita."

Yeye ndiye aliyewapa majina, akiwa mtu wa VICOBA, vile vikundi vya kuweka na kukopa. Aliwatazama siku kadhaa nani anatangulia kwenye pumba na nani anangoja, kisha akatangaza uongozi: Mwenyekiti, Makamu, Katibu, Mhazini, na wa mwisho kabisa, aliyekuwa anakula akishaondoka kila mtu, Mjumbe.

Wafugaji wanakwambia jogoo mmoja anatosha mitetea minane mpaka kumi. Mimi nilikuwa na watano kwa saba. Wale akina mama walipandwa asubuhi, mchana na jioni mpaka migongo ikanyonyoka, wakabaki kama wamevaa blauzi za mgongo wazi. Ugomvi kila saa. Lakini hayo yalikuwa ya mchana, na mchana mimi nilikuwa kazini.

Usiku ndio kulikuwa na kikao. Saa tisa kamili Mwenyekiti anafungua. Kimya kidogo. Makamu anaunga mkono hoja. Anafuata Katibu. Mhazini naye ana la kusema. Mjumbe peke yake ndiye hakuwahi kutoa mchango. Mpaka adhana ya alfajiri inasikika, wenzetu wameshafika ajenda ya mengineyo.

Ukuta wa banda ndio ukuta wa chumba cha mzee wa jirani, mstaafu. Mzee yule ni mstaarabu mno, na ustaarabu wake ndio uliokuwa unanimaliza.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Hujambo? Mama Asha hajambo? Watoto? Kazini huko?" Akanyamaza, akarekebisha kofia. "Na wale wengine nao hawajambo?"

Nikaelewa. Jioni ile nikafunika banda lote kwa turubai jeusi ili wasione kunapambazuka. Saa tisa kamili, kikao. Baadaye sana ndipo nilisoma kwamba watafiti wa Chuo Kikuu cha Nagoya kule Japani walishamaliza jambo hili mwaka 2013: jogoo ana saa yake mwilini, hangoji jua limwambie. Turubai lilinigharimu shilingi 30,000.

Fundi seremala akanishauri jambo la akili zaidi. Jogoo hawiki bila kunyoosha shingo, hivyo nimlaze Mwenyekiti kwenye sanduku fupi. Nikamlaza. Akawika ameinama. Sauti ikatoka kama ya mtu aliyetumbukia kisimani na bado anatoa maagizo.

Mzee akafika kwa mjumbe wa shina. Mjumbe akaja Jumamosi, amevaa shati la kikao na daftari kwapani. Kabla sijamkaribisha kiti, uani ikasikika sauti ya mke wangu, kali kama filimbi:

"Mjumbe huyo! Mwizi mkubwa! Mtoe, anamaliza pumba! Asha, mpige na ufagio!"

Mjumbe akasimama wima. Nikaanza kueleza habari za VICOBA, na kadiri nilivyoeleza ndivyo ilivyozidi kuonekana ni tusi lililoandaliwa. Hakunywa hata soda. Akaniandikia siku 14 za kumaliza kelele.

Basi, nani aondoke? Jibu lilionekana jepesi: mwanzilishi. Bila Mwenyekiti hakuna kikao. Na kwa kuwa watoto waliapa hawatamla mtu wanayemjua, nikaona nimpeleke zawadi kwa mama mkwe, Mlandizi. Nikamfunga miguu kwa kamba ya katani, nikamtia kwenye kiroba cha unga, nikatoboa tundu la kichwa. Pale Mbezi konda akachungulia. "Huyu anaongea?" Nikamwambia ni mpole.

Na kweli alikuwa mpole. Alikaa miguuni pangu, jicho moja likitazama viatu vya watu. Jirani yangu kitini alikuwa baba mmoja mwenye tai na jasho, na tulipofika Kibaha simu yake ikaita.

"Eeh, mke wangu. Niko ofisini hapa Posta. Nimebanwa na kikao, naongea taratibu hivi kwa sababu..."

"KOKORIKOOOO!"

Sijawahi kusikia daladala ikanyamaza vile. Kisha ikapasuka. Mama mmoja wa nyuma alicheka mpaka akaangusha ndizi. Yule baba aliishika simu mbele yake akiitazama, na sauti ya mwanamke ikatoka humo, tuliisikia sote: "Baba Juma, hiyo ofisi ina banda?" Alishuka kituo kilichofuata. Sidhani kilikuwa chake.

Mama mkwe alimpokea kwa mikono miwili, akamwangalia uzito, akamfunga kwenye shina la mwembe. Kuku mgeni hakosi kamba mguuni. Nikarudi nyumbani mwepesi kama mtu aliyelipa deni, nikalala saa mbili usiku.

Saa tisa na dakika mbili: Makamu.

Kifua mbele, sauti nzito ambayo sikujua anayo. Nilidhani nimeondoa kelele, kumbe nimeitisha uchaguzi mdogo. Watu wale wale wa Nagoya waliandika mwaka 2015 kwamba majogoo huwika kwa vyeo: mkubwa anaanza, wengine wanafuata kwa zamu, na ukimwondoa mkubwa, wa pili anakalia kiti. Japani walijua. Kinyerezi hatukuambiwa.

Makamu nikampa fundi uashi, akapandishwa Katibu. Katibu akauzwa kwa mama ntilie kwa shilingi 15,000 baada ya mimi kuanza na 25,000, akapandishwa Mhazini. Mhazini alipata ajali ya sikukuu ambayo watoto waliambiwa ni safari. Akabaki Mjumbe. Nikasema huyu mnyonge hana neno, na hajawika tangu azaliwe. Usiku ule ule akawika mara nyingi kuliko wenzake wote wanne. Alikuwa na maoni ya miezi mitano. Siku ya 13 nikamgawa kwa kijana wa bodaboda, bure, na nauli nikampa mimi.

Kukawa kimya. Siku nane nililala kama mtoto. Mzee akaniletea mapapai.

Siku ya tisa, saa kumi na moja alfajiri, bandani kukatoka kitu. Si kuwika, si kutetea. Kama mtu anayesukutua huku anaita jina lako. Nikatoka na tochi. Juu ya fito alisimama yule mtetea mkubwa wa kahawia, mtagaji wangu namba moja, amenyoosha shingo na kufumba macho. Akarudia. Inatokea, banda likikosa dume, jike mmoja anashika madaraka.

Nilipogeuka, kofia ya mzee ilikuwa imeshachomoza juu ya ukuta. Leo hakuuliza watoto.

"Mwanangu, hiyo si sauti ya jogoo."

"Si ya jogoo, mzee."

"Kuku jike akiwika kwenye mji ni nuksi. Sisi tumekua tunajua hivyo. Ama umchinje leo, ama urudishe jogoo."

"Mzee, jogoo si ndiye uliyemshtakia kwa mjumbe?"

"Nilishtaki kelele. Hii ni habari nyingine."

Kumchinja mtagaji wa kila siku roho ilikataa. Nikampigia mama mkwe, nikazunguka sana, salamu, mvua, mihogo, mwishowe nikaomba nimrudishe Mwenyekiti. Akacheka kidogo tu.

"Mkwe wangu, huyu hapa ana wake watatu, wanaatamia. Ukimtaka niletee mtetea mmoja mzuri, mkubwa, anayetaga."

Nikawaza. Mbele ya Mwenyekiti yule mtetea wa kahawia angenyamaza mara moja, nina hakika. Tatizo ni kwamba mimi ndiye niliyekuwa nakwenda kumchukua Mwenyekiti. Jambo hilo sikulitaja.

Jumapili nikawa Mbezi na kiroba changu. Konda yule yule. Akanikumbuka, akachungulia tunduni.

"Wa leo?"

"Jike."

"Afadhali," akasema, akagonga bati, gari ikaondoka.

Tulipokaribia Kibaha, dada wa siti ya mbele akatoa simu. "Niko kanisani, mpenzi, nakunong'oneza tu." Nikahisi kitu miguuni kinanyoosha shingo.